Jiwe la Chubwi

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa limepotea zamani. Kama lipo, basi limo kwenye cheti ndani ya sanduku, na sanduku lenyewe mkewe hulikalia akichambua dagaa. Pale ufukoni mwa ziwa, kuanzia wavuvi hadi wachuuzi wa samaki, hadi watoto wanaojifunza kusema, wote walimwita Chubwi. Chubwi ni kile kipande cha risasi kinachofungwa chini ya wavu ili uzame, na yeye ndiye aliyekuwa fundi wake. Lakini tusifichane. Hata angekuwa mwuza mkaa bado wangemwita hivyo hivyo. Alikuwa mfupi, mnene, kichwa kimekaa juu ya mabega bila kupitia shingoni, na akikaa mahali amekaa. Kumwinua kulihitaji sababu nzito au chakula.

Karakana yake ilikuwa banda la mabati nyuma ya nyumba, karibu kabisa na maji. Ndani mlikuwa na jiko la mkaa, sufuria ya chuma iliyoungua hadi ikasahau rangi yake, upawa wenye mpini mrefu, na kalibu za mbao ngumu alizozichonga mwenyewe. Alinunua betri kuukuu za magari na mabomba ya zamani, akazipasua, akayeyusha risasi yake, akaimimina kwenye kalibu. Maji makali ya betri aliyamwaga mteremkoni. Yale mapovu meusi yaliyoelea juu ya risasi aliyakwangua na kuyatupa kwenye matete. Kisha chubwi zikiwa bado na moto alizitia kwenye kapu la waya na kulichovya ziwani pale gatini kwake. Chaaa! Mvuke ukapanda, naye akacheka peke yake kama mtu aliyetekenywa. Ule mlio aliupenda kuliko muziki.

Kazi alifundishwa na baba yake mdogo, na baba mdogo alifundishwa na mtu mwingine aliyemwaga na kutupa vivyo hivyo. Mkewe alipomwuliza siku moja kama ni vizuri kumwaga vile vitu majini, alimjibu kwa methali, maana methali zilikuwa akiba yake.

"Mama watoto, bahari haivundi."

"Hii siyo bahari. Ni ziwa."

"Basi ziwa ni mtoto wake. Mtoto wa nyoka ni nyoka."

Mkewe akaachana naye. Alikuwa amekwisha kumzoea. Huyu ni mwanamume aliyekuja kumchumbia akiwa ameshika chubwi lenye umbo la samaki, limesuguliwa mpaka linang'aa, kubwa kiasi kwamba alilibeba kwa mikono miwili. Wenzake waliletewa khanga na mafuta ya nywele. Yeye alilipokea lile samaki, akalitazama, akaliweka chini ya mlango usipigwe na upepo. Tangu siku hiyo lilifanya kazi hiyo bila kulalamika, na ndoa nayo iliendelea.

Watoto wao wakubwa walikwisha kutawanyika. Aliyebaki nyumbani ni kitindamimba, binti mshonaji wa nyavu, aliyeolewa na mvuvi na kupewa chumba cha upande wa ziwa. Huyu ndiye aliyekuwa mboni ya jicho la Chubwi. Na mwaka ule binti alikuwa mjamzito, mimba ya kwanza, na mimba hiyo ilikuja na hamu zake. Hakutaka nyama, hakutaka samaki, hakutaka hata chai. Alitaka mboga ya majini, ile yenye shina lenye uwazi kama mrija, inayotambaa juu ya maji pembeni mwa gati la baba yake. Aliila mbichi, shina kwa shina, akitafuna kra, kra, kra, tangu asubuhi. Na mboga za gati lile zilikuwa nene na laini kushinda za pwani nzima. Chubwi alijivunia hata hilo.

"Mjukuu wangu anajua vizuri viko wapi," alisema. "Hajazaliwa, tayari fundi."

Sasa, mwaka huo huo ziwa lilianza kuwatia watu wasiwasi. Matete ya upande wa pili wa ghuba, kilipo kiwanda cha ngozi, yalikuwa yakigeuka manjano nje ya msimu, na mtaro wa kiwanda ulitoa maji ya buluu siku moja na ya kijani siku nyingine, kana kwamba mle ndani walikuwa wakifua bendera. Wavuvi wakaanza kunung'unika. Na kati ya wanung'unikaji wote, hakuna aliyekuwa na sauti kama Chubwi. Ulimi hauna mfupa, na wake haukuwa hata na breki. Kila mteja aliyekuja karakanani alipewa chubwi zake pamoja na hotuba juu ya kiwanda. Msemaji wa kiwanda, bwana mmoja mwembamba asiyeonekana bila tai hata jua likiwa la kupasua mawe, alibatizwa Mwenye Tai, na kila ovu la dunia hii lilikuwa kazi yake.

"Watu wasio na haya!" Chubwi alifoka, upawa mkononi, huku akimwaga maji ya betri mteremkoni. "Wanatutilia sumu majini mwetu mchana kweupe!"

Mwenyekiti wa soko la samaki aliandika barua serikalini, na baada ya kungoja sana akaja mama mmoja mwenye viatu vya mpira vinavyofika magotini. Kazi yake ilikuwa kupima mimea ya majini. Watu walimwita Daktari wa Majani. Aliwaeleza kwamba yeye si daktari wa namna hiyo, wakamwelewa vizuri sana, kisha wakaendelea kumletea vikohozi na maumivu ya mgongo. Alikuwa mcheshi, akawaambia vikohozi viende zahanati na majani yaje kwake.

Siku ya kwanza alikaa kwenye benchi la Chubwi, akang'oa tete moja, akaonyesha mizizi yake yenye matope.

"Mzee wangu, maji yanapita na kusahau," alisema. "Majani hayasahau. Kuna madini mazito, kama risasi, kama haya wanayolainishia ngozi, kromiamu. Yakiingia ziwani yanatua matopeni. Mizizi inayavuta, inayaweka. Kwa hiyo nikitaka kujua mahali fulani pametupwa nini, siulizi watu. Nauliza mimea."

"Iulize ya kule kiwandani," Chubwi alisema. "Itakujibu kwa sauti."

Mama yule akacheka, akamkabidhi maboya mekundu na kamba. Alitaka yawekwe kuzunguka pwani yote, kila moja kwenye kichaka chake cha mimea, ili atakapokuja tena na tena ang'oe majani pale pale. Fundi aliyezaliwa na ziwa, alisema, angeyaweka vizuri kuliko yeye. "Chini ya kila kamba fungia jiwe tu, lisichukuliwe na mawimbi. Jiwe lolote."

Chubwi aliitikia kwa heshima, lakini moyoni alikuwa amechomwa. Jiwe! Yeye, ambaye nyavu za ghuba nzima zilizama kwa mkono wake, afungie boya la serikali jiwe kama mtu asiye na fundi! Mgeni hajui, alijiambia, na mgeni hufunzwa kwa vitendo. Akawasha jiko. Kwa siku kadhaa aliyeyusha akiba yake yote, akatoa chubwi za maboya ambazo hajapata kuzitengeneza maishani, zenye tundu safi na kiuno cha kushikia kamba. Akazifunga moja moja na kuzipeleka kwa mtumbwi wa mkwewe, akishusha kila moja majini kwa mikono miwili kama anayelaza mtoto.

Alipobakiza boya la mwisho, la gatini kwake mwenyewe, sufuria ilikuwa tupu. Hakubakiwa na risasi hata ya kuzamishia kifuniko. Mganga hajigangi. Akatazama huku na huku, akaona jiwe la kufulia la mkewe, bapa, limebonyea katikati kwa miaka ya kupigwa na nguo. Akalifunga haraka, akalisukuma majini, akafuta mikono. Jioni mkewe alilitafuta jiwe lake pande zote. Kesho yake akamshuku jirani wa kulia, keshokutwa wa kushoto. Chubwi alisikiliza lawama hizo kwa huruma nyingi na akasema dunia imeharibika, siku hizi watu wanaiba hata mawe.

Daktari wa Majani akaja, akang'oa, akaondoka. Akaja tena. Tumbo la binti likazidi kukua, na mboga zikazidi kuliwa. Hatimaye habari ikaenea kwamba majibu yametoka na watu wote wakutane kwenye banda la kupimia samaki.

Siku hiyo hakuna aliyebaki nyumbani. Mizani mikubwa ilisogezwa ukutani, meza ya kukatia samaki ikafutwa, ingawa harufu yake haikukubali kufutika. Chubwi alikaa mbele kabisa, kanzu safi, mikono juu ya tumbo, amejiandaa kushangilia. Mkewe alikaa nyuma yake. Binti alikuwa mlangoni penye hewa, bakuli la mboga mapajani. Mwenye Tai naye alikuwepo, amesimama peke yake karibu na mizani, akitokwa jasho.

Daktari wa Majani alianza na mtaro wa kiwanda. Majani ya pale, alisema, yamejaa kromiamu kupita kiasi. Banda likalipuka. Chubwi alipiga makofi mpaka viganja vikamwasha, akageuka nyuma kuwaambia watu, "Si niliwaambia? Si niliwaambia?"

"Na risasi," mama yule aliendelea, kelele zilipotulia, "iko kidogo sana sehemu nyingi. Isipokuwa mahali pamoja. Pale imezidi mno. Ni kwenye boya la gati la fundi wetu."

Watu wote wakamtazama Chubwi. Mikono yake ilikuwa bado hewani, imeandaa makofi mengine.

Mama alikuwa ameleta moja ya kamba zake ili awaonyeshe wananchi anavyofanya kazi. Akaivuta kutoka kwenye ndoo, na mwishoni mwake likaning'inia chubwi, limenona, linang'aa, limependeza. Alilitazama kwa muda. Uso wake ukabadilika.

"Hii imetengenezwa na nani?"

"Mimi!" Chubwi alisimama kabla hajafikiri. Fundi akiulizwa kazi yake hawezi kujizuia. "Zote nimezitengeneza mimi. Ulisema mawe, mama, nikaona mawe ni aibu."

"Hii ni risasi."

"Risasi tupu! Betri, mabomba, vyuma chakavu, nimechanganya vilivyo."

Mama akakaa. Akalishusha chubwi mezani polepole, akajishika paji la uso. Kisha akaeleza, bila kumgombeza, na hilo ndilo lililouma. Kama kila boya lilishikiliwa na risasi, tena ya chakavu ambayo hakuna ajuaye imechanganyika na nini, basi hawezi tena kuapa ni kipi kimetoka ziwani na kipi kimetoka kwenye chubwi. Risasi ya gatini huenda si ya gatini; huenda chubwi la pale ndilo linalovuja kuliko zote. Ni haki amwombe mzee msamaha kwa kumtaja mbele ya watu.

Chubwi alihisi mzigo ukimtoka mabegani. Alikaa, akapumua.

Ndipo Mwenye Tai aliposogea kutoka kwenye mizani, na kwa mara ya kwanza tangu afike hakuwa akitokwa jasho. "Basi," alisema, "kama risasi haiaminiki, na kromiamu nayo haiaminiki. Chakavu ni chakavu. Vipimo vyote vimeharibika, tuseme ukweli." Mama alijaribu kubisha, lakini alikuwa mtu mwaminifu, na mtu mwaminifu akishashuku kazi yake hawezi kuitetea kwa nguvu. Mwenyekiti akapendekeza maboya yawekwe upya, vipimo virudiwe mwakani, mvua zikishapita. Watu wakanung'unika, wakaanza kuinuka.

Mwenye Tai akamwendea Chubwi, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Mzee wangu," alisema, na macho yake yalijaa mapenzi ya kweli. "Ahsante sana."

Chubwi hakuwahi kupewa ahsante iliyomkera kama ile. Alimwona yule bwana kwa karibu, tai na yote, na akaelewa kwamba wamekuwa ndugu wa mtumbwi mmoja. Angeweza kuivumilia hata hiyo, pengine. Binadamu huvumilia mengi akiwa amekaa vizuri. Lakini banda lilikuwa linatulia, na kutoka mlangoni ukaja mlio mdogo.

Kra, kra, kra.

Binti yake alikuwa anatafuna. Bakuli lilikuwa karibu kwisha. Mboga za gatini.

Na Chubwi, peke yake katika banda lile, alijua kilichokuwa chini ya boya la gatini. Hapakuwa na chubwi. Palikuwa na jiwe. Yakamjia yote kwa pamoja: mapovu meusi aliyoyatupa kwenye matete, maji ya betri aliyoyamwaga huku akiwatukana watu wa kiwanda, lile kapu la waya na ule mlio alioupenda. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Na chini ya aibu kulikuwa na hofu, na hofu ndiyo iliyokuwa nzito zaidi. Mwakani, wamesema. Mwakani mtoto atakuwa amekwisha kuzaliwa, na atakuwa ameumbwa kwa kila alichokula mama yake.

Akainuka. Watu walimpisha wakidhani amezidiwa na fedheha. Alipompita binti yake alichukua lile bakuli, akaenda nalo. Mkewe akaita, "Mzee, unaenda wapi?" Wakamwona kupitia upenyo wa mbao akiteremka kuelekea gatini kwa kasi ambayo hakuna aliyejua anayo, akapiga magoti, akaanza kuvuta kamba.

Alirudi amelowa kuanzia kifuani mpaka miguuni, kanzu imemgandama, anahema kama mivukuto ya jiko lake, boya jekundu likiburuzwa nyuma yake. Kifuani amekumbatia kitu. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye meza ya kukatia samaki, akakiweka juu yake. Meza ikalia.

Wa kwanza kukitambua alikuwa mkewe.

"Jiwe langu!" alipiga ukelele. "Baba watoto! Jiwe langu la kufulia! Na mimi nimemnunia jirani mwezi mzima!"

"Nilikwambia mimi si mwizi!" jirani wa kushoto akajibu kutoka nyuma, na banda likaangua kicheko kilichotikisa mabati. Hata Daktari wa Majani alicheka, akafunika mdomo. Chubwi peke yake hakucheka. Alingoja wamalize.

"Risasi iliniishia," alisema. "La gatini kwangu nilifunga jiwe, kama ulivyoniagiza, mama. Hapakuwa na chubwi pale. Hapakuwa nalo hata siku moja. Kwa hiyo risasi iliyomo kwenye majani yale haikutoka kwenye boya. Imetoka jikoni kwangu. Ni mimi."

Kisha akamgeukia binti yake mlangoni, na sauti ikampasuka. "Mwanangu, tema hiyo uliyo nayo mdomoni. Tafadhali. Nimekulisha sumu kwa mkono wangu nikakusifia."

Binti akatema. Akamtazama baba yake alivyolowa, akaweka mkono juu ya tumbo, halafu akaja akamfuta uso kwa ncha ya mtandio wake mbele ya watu wote. Hapo ndipo Chubwi alipolia, na sioni haya kulisema kwa niaba yake.

Daktari wa Majani alikuwa amekwisha simama, anapekua karatasi zake, uso umechangamka. Aliliweka lile chubwi kando ya jiwe. "Sikilizeni," alisema. "Kama chubwi ndizo zilizoharibu vipimo, majani ya hapa penye jiwe yangekuwa safi kuliko yote. Lakini ndiyo yenye risasi nyingi kuliko yote, na ya penye chubwi hayana kitu cha kutisha. Basi chubwi hazikuharibu chochote. Vipimo vya mzee ni vya kweli." Akamgeukia Mwenye Tai. "Na vya kwenu pia."

Mwenye Tai aliurudisha mkono wake mfukoni. Jasho lilikuwa limerudi.

Yaliyofuata yalikuwa kazi, na kazi haina hadithi nyingi. Kiwanda kilinung'unika, kikatishiwa kufungwa, kikachimba mabwawa ya kutuliza na kusafisha maji yake kabla ya kuyaachia ziwani. Karakana ya Chubwi ilibomolewa na yeye mwenyewe, udongo wa mteremko ukachotwa na kuzikwa mbali, kwenye shimo maalumu. Mboga za gatini ziling'olewa zote. Matete yaliachwa kwanza yaendelee kuvuta sumu matopeni, kisha yakakatwa na kwenda kuzikwa vilevile, na mengine yakaota, nayo yakakatwa. "Haya majani, baba watoto, yamefanya kazi ya maana kukuzidi," mkewe alisema akiwa amesimama gatini, na Chubwi akakubali bila methali.

Familia nzima ilipelekwa zahanati kupimwa damu. Siku ya majibu Chubwi hakula. Muuguzi alianza na binti: risasi imo, lakini kidogo, imewahiwa. Aache mboga zile, ale vizuri, anywe maziwa, aje kila mara aangaliwe. Mke naye hivyo hivyo. Kisha muuguzi akafikia karatasi ya mwisho, akainua nyusi.

"Yako wewe, mzee, ndiyo nzito kuliko zote."

"Mwanangu," Chubwi alisema, "unadhani wameniita Chubwi bure?"

Muuguzi alitaka kumgombeza akashindwa kwa kucheka. Akampa masharti: hakuna kuyeyusha risasi tena, nguo zote za kazi zitupwe, na asimguse mtoto wala chakula kabla ya kunawa kwa sabuni mpaka kwenye viwiko.

Bila risasi alikaa siku nyingi kizingitini, ameshika tama, mtu asiye na kazi. Ni binti aliyemletea donge la udongo wa mfinyanzi. Aliliweka tu miguuni pake na kurudi kwenye nyavu zake. Chubwi alilitazama kwa dharau. Alilibonyeza kwa kidole. Kufika jioni alikuwa na matope mpaka kwenye nyusi. Chubwi zake za kwanza za udongo zilipasukia kwenye tanuri kwa kishindo kilichowakimbiza kuku. Za pili ziliyeyuka majini kama sukari. Wavuvi walikuja kuangalia maendeleo yake kama wanavyokwenda kwenye mchezo wa mpira, na kila mmoja na kejeli yake. Lakini ukaidi ulikuwa mali yake ya kuzaliwa, na siku ilifika aliposhusha wavu wa mkwewe majini ukazama sawasawa, ukatulia, ukarudi na samaki. Alizitengeneza nene kidogo kuliko za risasi. Wavuvi wakasema zinafanana naye zaidi.

Mtoto alizaliwa asubuhi, wa kike, mapafu mazima, sauti yake ikisikika mpaka kwenye banda la samaki. Zahanati wakampima wakasema hana neno. Chubwi alizipata habari hizo akiwa tanurini, akakimbia nyumbani bila kuzima moto.

Mlangoni karibu ajikwae. Lile samaki la risasi halikuwepo tena; mkewe alikuwa amelipeleka kwenye shimo pamoja na mengine, akisikitika kidogo, kwa sababu, alisema, lilikuwa zawadi mbaya aliyokuwa ameizoea. Mahali pake, likizuia mlango, palikuwa na lile jiwe la kufulia, limesuguliwa jeupe.

Binti alikuwa kitandani, amechoka, anatabasamu. Mkewe amempakata mtoto. Chubwi akanyoosha mikono.

"Umenawa?" mkewe akauliza.

"Ni udongo tu huu, mama watoto. Udongo ni—"

"Umenawa?"

Akatoka. Walisikia maji yakimiminika uani, walisikia sabuni ikianguka na kuokotwa, ikaanguka tena. Alikaa huko muda mrefu. Aliporudi, mikono imeinuliwa hewani inachuruzika, viwiko vyekundu kwa kusuguliwa, alisimama kando ya kitanda bila kusogea, kama mtu anayengoja kuhukumiwa.

Mkewe akashika kiganja kimoja, akakigeuza, akakagua kila kucha. Akakagua na cha pili.

"Nenda kanawe tena," alisema.

"Mama!" binti akacheka kutoka kitandani. "Mpe baba mtoto."

Lakini Chubwi alikuwa amekwisha geuka, anarudi uani kunawa.